Zege Jekundu Juu ya Waya za Umeme

Umeme uliingia Nyanza Kusini mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1950 kampuni iliyochimba shaba na dhahabu huko Macalder ilijenga kituo kidogo penye maporomoko ya Gogo, katika Mto Kuja, ili mitambo ya mgodi ipate nguvu. Mgodi ule ulifungwa katika miaka ya 1960, lakini maji ya Gogo yangali yakizungusha mashine, nguvu yake ikiwa kama megawati 2, chini ya shirika la KenGen. Nchi iliyoitwa Nyanza Kusini sasa ni kaunti mbili, Migori na Homa Bay, na tangu ulipoanza mpango wa Last Mile mwaka 2015 nguzo za umeme zimefika hata katika vijiji ambavyo wazee wetu waliviangazia kwa koroboi.

Nguzo kila mtu huziona, na kila mama humkanya mwanawe asizichezee. Maneno yangu leo ni juu ya waya zisizoonekana, yaani zile zinazoshuka nguzoni, zikapita katika mita, kisha zikazama ardhini kwenda kwenye pampu ya kisima, au kwenye mashine ya kusaga mahindi, au katika bweni la shule. Kampuni ya umeme hutunza waya zake hata kufika kwenye mita. Baada ya mita, waya ni mali ya mwenye nyumba; mtaro ni wake, na likitokea la kutokea, lawama pia ni yake. Ndiyo maana habari hii yamhusu mkulima mwenye pampu moja kama inavyomhusu mwalimu mkuu au mwenye kinu.

Miaka michache iliyopita nilitumwa na ofisi yetu kwenda kuhesabu vifaa katika shule moja ya sehemu za Nyatike, ambako palikuwa pakichimbwa mtaro wa bomba la maji. Jua lilikuwa kali, na umeme ulikuwa umepotea tangu asubuhi, hata sote tulikuwa tumekwisha kuulalamikia, kwa kuwa taarifa yangu ilitaka kupigwa chapa siku ile ile. Vibarua wawili walipofika kina cha goti walikuta kitu kigumu. Wakakifagia kwa mkono, wakaona zege la kijivu. Mwalimu mkuu alikuwa amehamia pale mwaka ule ule, naye hakuwa na habari. Mzee mmoja jirani akasema kwamba zamani palikuwa na jengo mahali hapo, basi sote, na mimi nikiwamo, tukaamini kuwa huo ni msingi wake. Kibarua kijana akaleta nyundo kubwa na mtaimbo. Kwa pigo la nne zege likapasuka, mtaimbo ukazama, na alipouvuta ukatoka pamoja na kipande cha plastiki nyeusi na nyuzi za shaba ziking'aa kama pete.

Mpishi wa shule, aliyekuwa akipita na ndoo, ndiye aliyepiga kelele ya kwanza: "Stimu!"

Yule kijana akauacha mtaimbo, akaenda kuketi chini ya mwembe, viganja vyake juu ya magoti, asiseme neno. Umeme ulirudi saa tisa na dakika kumi. Nilitazama saa yangu.

Baadaye nilitafuta kujua ni nani aliyeifanya kazi ile ya kwanza, nikidhani nitampata mtu mzembe. Sikumpata. Waya ilikuwa imetiwa ndani ya bomba zuri, bomba likafunikwa kwa zege la nguvu pande zote, unene wa kama sentimita 8, kama vitabu vinavyoagiza. Fundi yule, awaye yote, alifanya kazi imara, na uimara huo ndio ulioleta hatari, kwani zege lake lilifanana na kila msingi, kila ngazi na kila kizingiti cha nyumba katika nchi hii. Lilizuia jembe lisiifikie waya, lakini kwa mwenye nyundo halikusema neno lolote.

Kazi ya kuiweka waya upya akapewa fundi mzee wa kutoka upande wa Homa Bay, pamoja na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, maana sheria haimruhusu mtu asiye na leseni kuzigusa waya zenyewe. Yule mzee nilimwita jaduong', kama heshima itakavyo kwa watu wa huko, naye aliniita karani tu. Swali lake la kwanza lilinishangaza.

"Karani, zege mnalolitaka ni ukuta au ni kibao?"

"Jaduong', kwani haliwezi kuwa vyote viwili?"

"Laweza. Lakini ni lazima tulichanganye kwa kuyawaza yote mawili, mwanangu. Watu huwaza ukuta tu."

Akatafuta mikebe mitatu ya maziwa ya unga iliyokwisha tupu. Katika wa kwanza akatia zege la kiasi cha 1:2:4, yaani saruji sehemu moja, mchanga sehemu mbili, kokoto sehemu nne, ambalo ndilo zege la sakafu na nguzo za nyumba. Katika wa pili, zege la 1:3:6. Katika wa tatu akatia mchanganyiko hafifu sana, saruji sehemu moja kwa mchanga sehemu kumi na tano. Akaipanga mikebe barazani, akaifunika kwa gunia bichi, akamwagiza mlinzi ailoweshe kila asubuhi kwa siku saba. Siku ya ishirini na nane, ambayo ndiyo siku wahandisi wanayoitumia kupima nguvu ya zege, akaikata mikebe, akamwita kibarua yule yule wa mwembe, akampa sululu.

Zege la kwanza lilitoa cheche, sululu ikaruka. La pili lilimeguka kidogo kwa pigo la kwanza, likagawanyika kwa la tatu. Mchanganyiko wa tatu ulikatika kama kuon uliolala. Tulicheka, lakini jambo lilikuwa limekwisha kuelezwa kuliko ambavyo ningeweza kulieleza kwa kurasa kumi.

Huko Marekani wahandisi hupenda mchanganyiko hafifu kama ule wa tatu katika mitaa ya miji. Husema kwamba ukitaka uweze kuchimbuliwa baadaye, nguvu yake isizidi kama niutoni 2 kwa kila milimita ya mraba, hali zege la nyumba hufika 20 na zaidi. Sababu yao ni njema: mji hubadilika, waya huongezwa, na mtu anayelazimika kulivunja zege gumu kwa mashine ya nguvu huipasua waya pamoja na zege. Katika barabara za miji yetu ya Migori na Homa Bay naona shauri hilo lafaa, kwa kuwa mitaro hufunguliwa mara kwa mara. Lakini kule Nyatike jaduong' alilikataa. Katika nchi ya Macalder na Osiri kila kijana ana sululu, na watu huifuata dhahabu popote mshipa wake uelekeapo. Mchanganyiko hafifu hukatika kabla mchimbaji hajapata nafasi ya kujiuliza amekata nini.

Kwa hiyo aliigawa njia ya waya mafungu matatu. Penye lango, ambapo malori ya mchanga na ya kuni hupita, alimwaga zege la 1:2:4 lenye vyuma ndani yake. Vivyo hivyo ningefanya mahali popote katika sehemu za Awendo ambapo waya hukata njia ya matrekta yanayopeleka miwa kiwandani Sony, kwani tela lililojaa miwa haliihurumii ardhi iliyo chini yake. Karibu na jiko na bweni, ambapo watu huchimba kila mwaka kwa ajili ya choo, bomba, au mti wa kamba za nguo, alitumia zege la 1:3:6. Na katika uwanja wa kuchezea hakutumia zege kabisa. Alichimba mita moja kamili, akalaza waya yenye ganda la chuma juu ya mchanga laini, akaifunika kwa mchanga, kisha vigae vya zege alivyovifyatua mwenyewe. Plau ya ng'ombe haifiki hata nusu ya mkono, na ile ya trekta ni kama sentimita 30. Kwa hiyo shambani kina cha mtaro ndicho mlinzi wa kwanza, na saruji ni ya kutumiwa pale ambapo mwamba au barabara hukuzuia kwenda chini. Katika miteremko ya vilima vya Homa Bay mwamba hukuzuia mapema, na hapo ndipo zege huilipa gharama yake.

Sasa nije kwenye rangi, ambayo kwangu ndiyo kiini cha habari yote. Kila msomaji amepata kukanyaga sakafu nyekundu ya duka la Mhindi au ya baraza la misheni. Rangi ile ni unga wa oksidi ya chuma, nao huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi katika kila mji. Hauozi, haufifii kwa jua wala kwa maji, na hauidhuru saruji, mradi tu usizidi kilo 5 kwa mfuko wa kilo 50. Kwa kawaida kilo 2 na nusu zatosha. Marekani rangi nyekundu ndiyo alama ya umeme katika kazi zote za ardhini, kama buluu ilivyo ya maji na manjano ya gesi, na mafundi wao hulitia zege la mabomba ya umeme wekundu ili mwenye kuchimba ashtuke. Hakuna jambo lililo rahisi kuliko hilo kwetu kuliiga.

Karani hawezi kuiacha habari bila hesabu. Chukua bomba moja la milimita 110, refu mita 30, lililozungukwa na zege la sentimita 7 na nusu kila upande. Hapo wataka kama mita 1.7 za ujazo za zege. Kwa kiasi cha 1:2:4 utatumia mifuko 11 ya saruji, na kwa 1:3:6 karibu mifuko 8. Ukiitia rangi tabaka ya juu peke yake, sentimita 5 za mwisho, utahitaji kilo 4 au 5 za unga kwa njia nzima. Ukitia rangi zege lote utahitaji kilo 20. Mimi ningelitia rangi lote kama fedha ipo, kwa sababu si kila mchimbaji hushuka kutoka juu. Wengine huja kwa ubavuni, wakiwa katika mtaro wao wenyewe, nao wataukuta ule upande wa kijivu. Lakini tabaka moja nyekundu ni bora mara mia kuliko ile kijivu iliyotukuta Nyatike.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya haviwezi kulijua. Katika tambarare za udongo mweusi, kama zile za Nyatike na bonde la Lambwe, wekundu huonekana wazi kama damu juu ya kaniki. Lakini ukipanda kuelekea Rongo na nchi ya Wakuria, udongo wenyewe ni mwekundu, na zege jekundu lenye matope laweza kupita machoni pa kibarua aliyechoka. Huko yafaa kuongeza utepe wa plastiki wa manjano wenye maandishi ya hatari, uliolazwa kama sentimita 30 juu ya zege. Utepe huo hauzuii kitu; hata mtoto aweza kuuchana. Lakini hujitokeza kwanza, ukinasa kwenye jembe, na mtu husimama.

Udongo mweusi nao una ukorofi wake. Wakati wa kiangazi hupasuka mianya ambayo fimbo yaweza kuzama, na masika huvimba na kuinua sakafu za watu. Zege refu na jembamba likilazwa juu yake bila matayarisho litavunjika, na likivunjika litaikata waya kama mkasi. Jaduong' aliuondoa udongo ule chini ya bomba kwa kina cha shubiri mbili, akajaza moramu na kuishindilia, na mahali zege lilipokutana na ukuta wa nyumba aliacha nafasi kidogo, bomba likapita ndani ya bomba kubwa zaidi, ili nyumba na mtaro visivutane. Tena udongo mkavu uliopasuka hauchukui joto vizuri, na waya yenye mzigo hupata moto. Zege hulichukua joto hilo vizuri zaidi kuliko udongo huo mkavu, lakini mabomba mengi yakirundikwa pamoja hupashana, na ukubwa wa waya hapo ni shauri la fundi wa umeme.

Siku ya kumwaga ndiyo siku ya makosa. Watu wengi hawajui kwamba bomba tupu huelea ndani ya zege bichi kama ngalawa juu ya Nam Lolwe. Bomba la milimita 110 husukumwa juu kwa nguvu ya zaidi ya kilo 20 kwa kila mita, na fundi asiyelifunga hulikuta asubuhi limechungulia juu, limefunikwa na saruji nyembamba kama karatasi. Yafaa lifungwe kwa waya kwenye vigingi vya chuma kila baada ya mita moja na nusu, liinuliwe juu ya vipande vya zege vilivyofyatuliwa kabla, na zege limwagwe kwa tabaka mbili, la pili likifuata kabla la kwanza halijakauka. Kokoto ziwe ndogo, zisizozidi sentimita moja, ili zege lijipenyeze chini ya bomba. Mchanga wa Mto Kuja ni mzuri ukioshwa. Wenye matope usiuguse. Maji yawe nusu ya uzito wa saruji, yaani lita 25 kwa mfuko, ingawa vibarua watakuambia zege ni kavu na kukuomba uongeze. Bomba la alumini lisizikwe katika zege, kwa kuwa saruji bichi hulila. Na kabla ya kuvuta waya, pitisha gongo la mti lenye upana unaokaribia ule wa bomba kutoka mwisho huu hata ule. Likikwama, afadhali likwame siku hiyo.

Mtu mmoja ofisini aliniuliza kama alama hizi zote haziwaonyeshi wezi wa shaba mahali pa kuiba. Swali lake si la kipuuzi, maana sote tumesikia habari za transfoma zilizonyonywa mafuta na kung'olewa shaba. Jibu langu ni kwamba mwizi huifuata waya kutoka kwenye nguzo au mita, hahitaji alama yangu. Na zege ambalo ni lazima avunje mita 30 usiku kwa nyundo litawaamsha mbwa wa kijiji kizima. Anayehitaji alama ni mtu mwema aliyekuja kuchimba shimo la choo.

Juu ya ardhi tuliweka nguzo fupi za zege katika kila pembe na kila mahali waya inapoingia nyumbani, zimeandikwa HATARI kwa msumari zikiwa bado bichi, pamoja na mshale wa kuonyesha njia inakoelekea. Ziwe nzito, zizikwe nusu yake. Nimeona mahali pengine alama nyepesi za namna hii zikitumika jikoni kama mafiga, sufuria ya omena ikichemka juu ya neno hatari, na mama mwenye nyumba hakuwa na kosa lolote, maana alizikuta zimelala njiani.

Kadhalika nilichora ramani. Mimi ni karani na kazi yangu ni karatasi, basi niliichora kwa wino, nikaandika vipimo kutoka pembe ya bweni, nikatia nakala moja katika jalada la ofisi na nyingine katika kabati ya mwalimu mkuu. Mwaka uliofuata nilipopita pale, kabati ilikuwa imehamishwa, mwalimu mkuu pia alikuwa amehamishwa, na mchwa walikuwa wamekwisha kuisoma nakala ya shule hata ukurasa wa mwisho. Palikuwa na vibarua wapya wakichimba msingi wa maktaba karibu na jiko. Mmoja wao alikuwa amesimama ndani ya mtaro, sululu begani, akiliangalia zege jekundu lililokuwa chini ya miguu yake, na alikuwa amekwisha kumtuma mwenziwe kwenda kuuliza umeme huzimwa wapi.